Mali Iliyodumu

Mwanangu Yusta,

Salamu tulizopeana asubuhi zinatosha, sitazirudia hapa. Wala sitakuandikia habari za kuchemsha maji, kuvaa nguo nzito na kusali kabla ya kulala. Hayo umeyasikia mpaka umechoka, na huko Mwanza, kwenye chuo cha wauguzi, watakuwapo wa kukukumbusha. Baba yako ameenda kwa jirani kutafuta kamba ya kufungia sanduku lako. Namjua, atakaribishwa rubisi ya ndizi, atakaa, atasimulia. Nina alasiri yote.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu haya nikiyasema kwa Kinyambo chetu nitalia, na machozi yangu hayana haki hapa. Kusoma nilifundishwa na katekista, lakini Kiswahili chenyewe nilikipata barazani kwa Bi Zuhura, mke wa Mzee Abeid mwenye duka. Huyo utamsikia sana katika barua hii.

Kesho lori la kahawa likifika Kiruruma litasimama. Mjomba wako Leonsi atakuwa kando ya barabara, atakupa mfuko wa turubai. Usiufungue mbele ya watu. Ndani mna fedha nyingi kuliko alizowahi kushika mtu yeyote wa ukoo wetu, ukinitoa mimi. Ni zako. Lakini kabla hujanyoosha mkono ujue zimetoka wapi, kwa maana hadithi uliyokua nayo si ya kweli. Unajua, kama Kaisho nzima inavyojua, kwamba mama yako alishinda bahati nasibu na Mzee Abeid akamwibia nusu.

Mzee Abeid hakuniibia hata senti.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa napeleka samli dukani kwake kila siku ya soko. Siku moja alikosa chenji. Akafungua droo, akatoa kikaratasi cha rangi ya waridi. "Mama Yusta, nimebakiwa na tikiti moja ya bahati nasibu ya mbio za farasi za Nairobi. Ichukue badala ya chenji, niandike jina lako." Nikakasirika. Nilitaka chumvi, na farasi sijawahi kumwona hata mmoja. Akacheka, akanipa tikiti na chumvi pia, akaandika jina langu. Tikiti nikaichomeka kwenye kitabu cha sala, nikaisahau.

Kiangazi kikapita, mvua zikaanza. Mchana mmoja nikamwona anapanda kilima chetu kwa miguu, kanzu ameishika mkononi isiguse tope, na gazeti kwapani. Mtu mnene yule, hakuwa mtu wa vilima. Akakaa kwenye kigoda, akapumua kwanza, ndipo akasema, "Leta ile tikiti, mama." Akalinganisha namba, akalinganisha tena. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitafakari siku ile. "Nimekuja mwenyewe kwa sababu ningemtuma mtu, angekudanganya. Na mimi ningekaa kimya, usingejua maisha yako yote."

Baba yako alikuwa mbali, amehamia na ng'ombe upande wa mtoni kutafuta nyasi. Tikiti ilikuwa na siku ya mwisho ya kudai zawadi. Kwa hiyo nilikwenda Bukoba na Mzee Abeid na Bi Zuhura. Bi Zuhura alifunga duka akaja nasi, watu wasije wakanisema kwamba nasafiri na mume wa mtu. Ona jinsi walivyonilinda. Abeid akazungumza na makarani, mimi nikatia sahihi. Nikamwambia achukue fungu lake. Akasema, "Nilikuuzia tikiti kwa samli yako. Biashara imekwisha." Akakubali kununuliwa chakula tu, wali kwa samaki, akala akashiba, akanishukuru.

Wakati wa kurudi nilishuka Kiruruma kumwona kaka yangu, wao wakatangulia. Hapo ndipo niliposhikwa na hofu. Niliwafikiria shemeji zangu wawili, niliifikiria kiu ya baba yako, nilikufikiria wewe. Ulikuwa mtoto wangu wa pekee, wa kike, na nilijua kwamba fedha zikifika kwa ukoo wa baba yako hutasoma. Nikamwachia Leonsi nusu. Nikamwambia anunue ng'ombe kidogo kidogo, kwa jina lake. Mpaka hapo, mwanangu, sioni dhambi. Mwanamke akificha kitu kwa ajili ya mtoto wake, hata Mungu huangalia pembeni.

Dhambi ilikuja kwa sababu nilirudi nyumbani bila jibu. Wewe usifanye hivyo. Fedha ikikufikia ghafla, kabla hujanunua hata kiberiti, kaa chini ulipange jibu utakalowapa watu, na liwe jibu unaloweza kulirudia mbele ya yeyote. Watauliza. Wa kwanza kuja hawatakuwa wenye njaa. Mwenye njaa huona haya. Watakuja walioshiba, wenye ahadi na mipango, watakuita dada, watakuita mama, na macho yao yatazunguka chumbani yakitafuta sanduku.

Baba yako alirudi, nikampa ile nusu nyingine. Alifurahi kama mtoto. Kwa majuma mawili tulikuwa watu wema. Nilimnunulia bibi yako blanketi, yule aliyekuwa ananiita mgumba wa mtoto mmoja. Kila nilipokwenda kwake nililitaja lile blanketi, "Mama, blanketi langu linakupa joto?", mpaka siku moja nikalikuta limekunjwa vizuri mlangoni kwangu. Akafa msimu wa baridi, chini ya ngozi yake ya zamani. Nilikuwa nimeanza kujua utamu wa kutoa, na utamu ule haukuwa wa upendo.

Kisha mtu akatoka Bukoba na habari. Baba yako akaingia ndani, hajavua hata kofia. "Mama Yusta, watu wanasema zawadi ilikuwa mara mbili ya hizi ulizonipa."

Nilikuwa nasafisha kibuyu cha maziwa kwa moshi. Sikuinua kichwa. Nikasema, "Muulize Abeid. Yeye ndiye aliyezungumza na makarani."

Sikuwa nimelipanga neno lile. Lilitoka lenyewe, jepesi, na lilipotoka nilijisikia nimepona. Sikumwita Abeid mwizi. Nilisema aulizwe tu. Nimejitetea kwa neno hilo miaka yote hii, "nilisema aulizwe tu," na wewe ukiniuliza kesho huenda nikajitetea kwalo tena.

Hawakumuuliza. Walikwenda baba yako na ndugu zake wawili, na fimbo za kuchungia. Mzee Abeid alikuwa barazani kwenye cherehani, anashona suruali za watoto wa shule. Alipoinua mkono kujikinga, wakamvunja kifundo cha mkono wa kulia. Waliendelea kumpiga akiwa chini. Bi Zuhura alijilaza juu yake ndipo wakaacha, kwa sababu hawakutaka kumpiga mwanamke. Baba yako hulisema hilo kwa fahari, umemsikia, "Mkewe hatukumgusa."

Kesho yake mkungu wetu, mkuu wa kijiji, akaita baraza. Watu walijaa. Abeid aliletwa, mkono umefungwa kwa kanga ya mkewe, uso umevimba. Mkungu akamuuliza kama ana la kusema. Akasema, "Nina neno moja, na si langu. Mama Yusta yupo pale. Alipokea kwa mkono wake. Aseme alipewa kiasi gani, nami nitakubali atakalosema."

Watu wakanigeukia. Bi Zuhura alikuwa ananitazama, na usoni mwake, Yusta, hamkuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa na hakika kwamba mambo yamekwisha. Alikuwa ameanza hata kukusanya kanga yake ili wasimame waende nyumbani.

Nikasema, "Mimi ni mwanamke. Hesabu sijui."

Mimi! Niliyekuwa nauza samli kila soko, na hakuna Mhindi wala Mwarabu aliyewahi kunipunja. Watu waliguna kwa kunihurumia. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Maskini, wamemtumia kwa ujinga wake." Abeid aliniangalia kidogo, kisha akaangalia chini, kama mtu aliyemfumania mwenzake uchi na kumwonea haya. Akaamriwa kulipa. Hakuwa na cha kulipa, kwa hiyo walibeba duka. Chumvi, nguo, mafuta ya taa, cherehani. Shemeji zangu walibeba. Kile kitenge cha maua mekundu nilichokushonea gauni la Krismasi kilitoka pale.

Abeid na mkewe waliondoka kwa lori la kahawa, wamekaa juu ya magunia. Nilikwenda kuwaona. Sijui nilikwenda kufanya nini. Bi Zuhura aliniona, akainama kutoka juu ili wengine wasisikie. Nilitegemea matusi, na matusi yangenisaidia. Akaniambia kwa sauti ileile aliyokuwa ananifundishia maneno, "Mama Yusta, nakuombea mali yako idumu."

Imedumu.

Ulikuwa umezoea kula vitumbua kwake. Ulimlilia majuma mengi, "Nipelekeni kwa Bi Zuhura." Siku moja nilikuchapa mpaka ukaacha kumtaja. Nadhani hukumbuki. Mimi nakumbuka kwamba siku ile nilipumzika.

Sasa nikueleze mambo ya mali iliyofichwa, kwa sababu kesho utakuwa nayo. Haivaliwi. Hailiwi. Ningejenga nyumba ya bati, wangeuliza. Ningevaa viatu, wangeuliza. Nimekuwa tajiri kuliko wote hapa Kaisho, na nimepanda maharage kwa jembe lililolika mpaka limekuwa kama kijiko. Ada yako ya shule tulisema ni msaada wa mjomba. Hata kwa furaha yako ya kufaulu ilibidi nimshukuru Leonsi mbele ya watu, naye alizoea kushukuriwa. Siku hizi anaamini ni kweli. Ndiyo maana nimemwambia auze ng'ombe wote mapema, kabla hajasahau kabisa ni wa nani.

Ile nusu ya baba yako unajua ilikokwenda. Alinunua ng'ombe wengi kwa mkupuo, kutoka kwa kila aliyemwita rafiki, na waliomwuzia walimwuzia wale ng'ombe waliokuwa wanataka kuondokana nao. Ugonjwa wa kupe ukaingia. Wengine wakafa, wengine wakaishia kwenye rubisi na kwenye mahari ya mpwa wake. Mwishowe zizi likabaki tupu. Na mwanamume wa kwetu asiye na ng'ombe, hata salamu yake huitikiwa kwa upesi.

Wewe ulikuwa shuleni ndipo aliponiambia, "Twende kwa shemeji." Tulitembea mpaka Kiruruma. Zizi la kaka yangu lilikuwa limejaa, ng'ombe wa pembe ndefu, wamependeza, wamenona. Baba yako alisimama pale getini muda mrefu akiwatazama. Ni mchungaji yule, ng'ombe huwaona kama wewe unavyoona herufi. Akasema, "Leonsi ana mkono wa baraka." Kisha akavua kofia, akaingia, akapiga magoti mbele ya kaka yangu aliye mdogo kwake.

"Shemeji," akasema, "nipe ndama mmoja tu wa kike. Nitamtunza. Akizaa nitakurudishia."

Leonsi aliniangalia. Nilikuwa nimeshika kibuyu, namimina maziwa. Neno moja lilikuwa linatosha. Ningemwambia baba yako, Petro, simama, hawa wote ni wako. Angenipiga, labda angeniua, lakini angesimama. Nikaendelea kumimina. Na kaka yangu, ambaye nilimjua tangu utoto kuwa mtu laini, akasema, "Wewe una bahati mbaya na ng'ombe, shemeji. Wanakufia." Akamwacha amepiga magoti kidogo, kama mtu anayefikiri, ndipo akampa ndama mmoja dhaifu, mwenye jicho lenye ukungu.

Baba yako alimshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru. Njia nzima alimbeba yule ndama kila tulipofika kwenye maji. Aliniambia, "Kaka yako ni mtu mwema. Laiti yule mwizi asingetuibia, leo nami ningekuwa natoa."

Nilitangulia mbele. Niliogopa sauti yangu.

Nilijaribu mara moja, ujue. Mwaka ule nilipokusindikiza shule ya bweni niliwatafuta Bukoba. Wanakaa nyuma ya msikiti, chumba kimoja, Bi Zuhura anakaanga vitumbua mlangoni. Nywele zimekuwa nyeupe. Ndani Mzee Abeid alikuwa amekaa mkekani, mkono wa kulia umepinda kama tawi lililovunjwa likaungana vibaya. Hashiki mkasi. Aliponiona akajitahidi kusimama. "Karibu, Mama Yusta. Mtoto hajambo? Anasoma?" Nikasema anasoma. "Alhamdulillahi," akasema, na alimaanisha.

Nikatoa kifurushi nilichochukua kwa Leonsi, nikakiweka mkekani. Bi Zuhura aliingia akifuta mikono. Hakukigusa.

"Sisi tunakula," akasema. "Angalia, tunakula. Hatuombi fedha. Tunaomba siku moja ya soko. Uje nasi Kaisho, usimame pale tulipopigiwa, useme Abeid hakuchukua. Useme mara moja tu. Wazee wake Pangani walisikia kwamba mtoto wao ni mwizi, wakafa na habari hiyo."

Abeid akasema, "Zuhura, mwache."

"Simwachi. Utakuja, Mama Yusta?"

Nikasema, "Nitafikiri."

Akakisukuma kifurushi kwa mguu mpaka kikanifikia. Nilikiokota, nikatoka nacho. Bado nafikiri mpaka leo. Ningeweza kuwapa ng'ombe wote, na shamba, na damu yangu. Hiyo siku moja ya soko siwezi kuitoa. Nimejipima mara nyingi na siwezi, wala sitaki unifikirie kwamba ipo siku nitaweza.

Nimejifunza nini? Si mengi, kwa bei ile. Ukitaka kumnyima mtu, mnyime kwa kinywa chako mwenyewe. Mwambie, ninacho na sikupi. Atakuchukia, na chuki yake itakuwa ya haki, itapita. Usimnyime kwa mgongo wa mtu mwingine. Mimi ningewaambia shemeji zangu, ninazo na hamzipati, wangenipiga mimi, na vidonda vyangu vingekuwa vimepona zamani. Na yule atakayelala kando yako usimdanganye kiasi ulichonacho, kwa sababu utalala na huo uongo kati yenu, nao hauzeeki. Na mtu akikutendea wema mkubwa mno, jihadhari na moyo wako. Mimi sikumchukia Abeid kabla ya ile safari. Nilianza kumchukia alipokataa fungu lake. Kama angechukua hata kidogo tu, nisingekuwa na haja ya kumgeuza mwizi.

Sasa unajua mfuko ule una nini. Pengine utajiuliza kwa nini nimekupa wewe, mtoto wangu, kitu cha namna hii siku unayoondoka. Nimechoka kukaa nacho peke yangu. Hiyo ndiyo sababu, wala usinitafutie nyingine iliyo nzuri. Meli ya Mwanza unapandia Bukoba, nyuma ya msikiti si mbali na bandari. Wakiona fedha hawatazipokea. Wakikuona wewe, sijui. Bi Zuhura atakujua kwa macho yako.

Ukimwambia baba yako, utamuua. Ndiye shujaa wa hadithi ile, hana kingine alichobakiwa nacho. Usipomwambia, utakuwa umeanza kuwa mimi. Sina njia ya tatu ya kukupa. Nimeitafuta.

Amerudi. Amepata kamba nzuri, ya katani, mpya. Amekaa hapa kando yangu analifunga sanduku lako, amelikanyaga kwa mguu anaivuta kamba, jasho linamtoka, hataki nimsaidie. Ananuka rubisi lakini hajalewa. Ameniuliza ninaandika nini kirefu hivi. Nimemwambia ni mawaidha ya mama.

Amesema, "Mwandikie na habari za yule mwizi, huko mjini asije akamwamini kila mtu."

Nimemwambia, "Nimekwisha kuziandika."

Amefurahi.

Mama yako,
Eustakia